Watoto wapelekwe kuuona mto

Ndugu Mhariri,



Mwezi uliopita mimi, mke wangu na wajukuu wetu watatu tulitoka Mbeya asubuhi kwa basi dogo la Tukuyu. Jirani mmoja alitucheka, akasema, "Mnatoa nauli kwenda kuangalia maji?" Sikumjibu, maana hata mke wangu alikuwa na mawazo hayo hayo, ila yeye alitaka ndizi.

Tulianzia soko la Kiwira. Mikungu imepangwa chini mpaka huoni pa kukanyaga, na malori yanapakia kwenda Dar es Salaam. Mke wangu alivutana bei na mama mmoja mpaka wajukuu wakachoka. Hatimaye walipatana, na mama yule akakubali kututunzia mizigo hadi jioni. Aliposikia tunakwenda Kijungu alitikisa kichwa. Alisema amezaliwa huko huko lakini hajawahi kufika, na watoto wake amewapiga marufuku kwa sababu mto ule unachukua watu. Hata hivyo alimruhusu kijana wake wa darasa la sita afuatane nasi atusaidie kubeba kapu la chakula, kwa sharti asikaribie maji.

Tulikodi gari, tukaanza na Daraja la Mungu, tao la mwamba wa volkano lililovuka Mto Kiwira lenyewe bila fundi. Kisha tukaenda Kijungu. Hapo mto umebanwa na miamba. Maji yanaingia katika shimo lenye umbo la chungu, yanazunguka kama yanayochemka, yanapotea chini ya mwamba na kutokea mbele. Hata mke wangu alisahau habari za ndizi.

Mimi nikatoa simu nipige picha. Mjukuu wangu wa miaka 8 akakanyaga jiwe lenye utelezi, akaanza kwenda na maji yanakokwenda. Aliyemdaka shati si mimi babu yake, ni yule kijana wa sokoni. Vifungo viwili vilikatika. Nilipomwuliza amejuaje kwamba jiwe lile ni baya, alisema huja na wenzake kila likizo, na mmoja wao aliwahi kuteleza pale pale. Nyumbani hawajasema.

Ndugu Mhariri, marufuku ile haikumzuia mtoto, ilimzuia mama tu. Hivyo basi, nawaomba wazazi na walimu walio karibu na mito ya namna hii wawapeleke watoto wao wenyewe, wakati wa kiangazi, pamoja na mwenyeji anayejua pa kusimama. Waonyeshwe jiwe la kukwepa. Waelezwe kwamba mvua ikinyesha mlimani mto unaweza kujaa ghafla hata kama hapo walipo jua linawaka. Somo la volkano nalo liko pale pale, wanalishika kwa mkono badala ya kulikariri. Na sisi wenye simu tuziache mfukoni mpaka watoto wote wameketi. Nasema hivi kwa aibu.

Jioni nilimweleza mama yule yote, ingawa kijana alinikonyeza nisiseme. Sikupenda kumchongea mtu aliyemwokoa mjukuu wangu, lakini mzazi ana haki ya kujua. Alinyamaza, nikadhani atamchapa. Kisha akauliza, "Mzee, huko kwenyewe kukoje?"

Kiangazi kijacho tumepanga kwenda naye, siku atakayofunga biashara mapema. Kijana ndiye atakayetuongoza.

Mstaafu,
Mbeya.