Nyumba za kujipikia Kilimani: nani aamue?

Nyumba ya kujipikia ni malazi yanayokodishwa kwa usiku au kwa wiki yakiwa na jiko, vyombo, shuka na taulo, ila hayana mpishi wala karani wa mapokezi. Mgeni hupewa funguo, akapika chake na kuosha sahani zake, na siku zake zikiisha akaenda zake. Katika mashamba ya Uingereza, hasa Cornwall na Cotswolds, aghalabu huwa ni kijumba cha mawe kilichojengwa zamani kwa ajili ya vibarua, na majirani wa karibu huenda wakawa kondoo. Nairobi, ambako wengi huiita BnB tu, iko ghorofa ya tisa Kilimani, Kileleshwa au Westlands. Ukuta, lifti na tangi la maji ni vya pamoja na familia zinazoishi hapo mwaka mzima. Ugomvi wote unaozunguka biashara hii umeanzia hapo.

Miongozo ya ujenzi ya baraza la jiji ya mwaka 2004 ilikusudia Kilimani na Kileleshwa ziwe na fleti za ghorofa nne. Leo barabara za Lenana na Othaya zina majengo marefu mara tatu au nne ya hapo, na mengi yamejaa vyumba vidogo ambavyo mnunuzi huahidiwa, hata kabla ya msingi kuchimbwa, kwamba wageni wa usiku watamlipia mkopo. Na wageni wapo kweli. Kuna mshauri aliyekuja kwa mikutano ya Umoja wa Mataifa Gigiri, mgonjwa kutoka Juba au Mogadishu anayehudhuria kliniki Aga Khan pale Parklands, na Mkenya wa ughaibuni anayerudi Desemba akakuta nyumba ya wazazi imejaa. Tangu barabara ya Expressway ifunguliwe mwaka 2022, safari ya kutoka uwanja wa ndege hadi Westlands imekuwa fupi. Mfanyabiashara wa mikoani ambaye zamani angelala kwenye loji ya River Road, katikati ya jiji, sasa anaweza kupata chumba chenye jiko na Wi-Fi, akalipa kwa M-Pesa kabla hajapanda basi.

Mvuto wa fedha unaeleweka kwa hesabu ya mfano. Tuseme chumba kinapangishwa kwa shilingi 45,000 kwa mwezi. Kikitolewa kwa shilingi 3,500 kwa usiku, wageni wa siku 13 wanarudisha kodi, na usiku unaobaki ni wa stima, intaneti, mama fua na faida. Ndiyo maana vijana wengi walioingia katika biashara hii hawamiliki hata dirisha. Wanapanga nyumba tupu, wananunua kitanda, runinga na mtungi wa gesi, kisha wanapangisha upya. Sheria ya Ardhi ya 2012 humtaka mpangaji apate idhini ya maandishi ya mwenye nyumba kabla ya kumpangisha mwingine. Asiyeiomba hufanya biashara kwa kuvizia, na anayevizia hawezi kumpigia simu msimamizi wa jengo usiku mambo yakiharibika.

Januari 2024 wanawake wawili waliuawa, siku chache tu zikipita kati ya kifo kimoja na kingine, katika vyumba vya aina hii South B na Roysambu. Tarehe 27 mwezi huo maelfu waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, na Wizara ya Utalii ikasisitiza kwamba usajili wa nyumba hizi ni wa lazima. Haikuwa sheria mpya. Sheria ya Utalii ya 2011 ilikwisha kuorodhesha fleti za huduma na nyumba ndogo za likizo katika kundi moja na hoteli, chini ya leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii na ushuru wa asilimia 2 wa mapato unaokwenda kwa Hazina ya Utalii.

Kasoro ni kwamba utaratibu huu ulishonwa kwa kipimo cha hoteli. Hoteli ina kibao barabarani, meneja na mlango mmoja, hivyo mkaguzi anajua pa kuingilia. Chumba namba 904 hakina kibao. Kodi ya VAT nayo humhusu mwenye mauzo ya shilingi milioni 5 au zaidi kwa mwaka, ilhali chumba cha mfano wetu, hata kikijaa kila usiku, hakifiki milioni 1.3. Mwenye vyumba viwili anaweza kabisa kuendesha shughuli zake serikali isijue kama yupo.

Kwa hiyo udhibiti ulioachwa ni ule wa getini. Mlinzi ana daftari la kurasa zilizokunjika pembe, na kalamu imefungwa kwa uzi. Mgeni anaandika jina, namba ya kitambulisho, simu na namba ya chumba, na anapoandika anasoma bila kizuizi habari za wote waliomtangulia. Wahalifu huandika uongo, waungwana huacha simu zao wazi kwa kila apitaye. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 daftari kama hilo halina utetezi, lakini majengo mengi hayana kingine.

Miji ya nje imejibu kwa ukali. New York, tangu Septemba 2023, inamtaka mwenyeji asajiliwe, na awe anaishi katika nyumba hiyo wakati mgeni wa chini ya siku 30 yumo. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kwamba leseni zaidi ya 10,000 za fleti za watalii hazitahuishwa zitakapoisha mwaka 2028. Miji hiyo inapigania nyumba za wakazi wake. Kilimani vibao vya vyumba vya kupangisha vinaning'inia kila kona, na wanaokosa makazi jijini hawawezi kulipa 45,000 kwa chumba kimoja. Kuiga Barcelona hapa kungewaondolea riziki mama fua, mafundi na madereva bila kumpa mtu yeyote wa Kibera paa.

Hoja ya majirani ni nzito zaidi. Siku za mgao wa maji, boza hulipiwa na wote kwa sawa, awe anayeoga ni mkazi au kundi la wageni sita waliokuja kwa sherehe ya wikendi. Aliyevuna faida hayupo kwenye foleni ya lifti. Uamuzi kuhusu idadi ya vyumba vya usiku, idadi ya wageni, saa za kelele na mchango wa ziada wa maji unapaswa kuwa wa jengo lenyewe, na chombo kipo. Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya 2020 inawapa wenye fleti shirika lao la pamoja, lenye kanuni na vikao. Kanuni inayopanga mwenendo ni rahisi kuitetea kuliko marufuku ya jumla, ambayo huwasukuma wenyeji mafichoni tu. Mamlaka ya utalii ingebaki na kazi ndogo inayowezekana: namba ya usajili kwa kila chumba, ionekane kwenye kila tangazo, ikiambatana na simu ya mtu anayeweza kufika mlangoni saa nane usiku.

Mpango huo una tundu, nalo si dogo. Katika shirika la jengo wanaopiga kura ni wamiliki, na wamiliki wengi wa Kilimani wanaishi kwingine, baadhi yao Dallas au Dubai, na wanachotaka ni mapato. Mpangaji mwenye watoto ghorofa ya nane, anayesikia magurudumu ya masanduku usiku kucha, hana kura. Penye jengo la mwenye mmoja, hata kikao hakuna. Kwa hao ulinzi ungetoka kwenye leseni: mwombaji aoneshe kwamba wakazi wa ghorofa yake, wapangaji wakiwemo, waliarifiwa kwa maandishi na kupewa muda wa kupinga, na malalamiko yao yaangaliwe kila leseni inapohuishwa.