Mashini ya moyo isifukuzishe mutu ku kazi

Kuko mashini moja kidogo ambayo waganga wanaweka ndani ya mwili wa mutu mwenye moyo unaoweza kugeuka ghafula. Inachunga moyo usiku na mchana. Moyo ukianza kutetemeka bila kusukuma damu, inaupiga umeme ili urudie mwendo wake. Ya kwanza iliwekwa kule Baltimore, Marekani, mwaka wa 1980. Leo kuko aina ingine inayolala chini ya ngozi tu, ku mbavu za kushoto, na waya yake inapita karibu na mufupa wa kifua. Haiingii ndani ya moyo.

Juu ya nini sisi wa sendika tunaleta habari hii? Juu mwenzetu mumoja wa elektrolizi alirudi kutoka Afrika ya Kusini na mashini hiyo. Jamaa yake njo ilichanga franga. Akaficha kovu chini ya salopeti, akarudia pale pale ku umeme mukubwa wa kutoa shaba. Tulipomuuliza, alijibu: « Bandugu, nikisema, kontra inaisha. »

Hapo njo kuko hatari. Sumaku ya nguvu inaweza kuzuia mashini isiokoe mutu siku moyo unaharibika. Mashini ya sudire inaweza kuidanganya, ikapiga mutu muzima. Na sisi tunatumika kati ya vitu hivyo: umeme wa elektrolizi unazaa sumaku, na juu ya mikanda ya mawe kunatundikwa sumaku za kuokota vyuma. Muganga njo anapashwa kupima ni kazi gani inafaa. Lakini atapima namna gani kama mugonjwa anaogopa kusema?

Wazee wanasema mwenye kuficha ugonjwa, kilio kitamufichua. Ni kweli. Lakini sisi tunauliza: ni nani anamulazimisha kuficha?

Sheria ya kazi ya 2002 iliweka matunzo ya mutumikaji ku mabega ya mwenye kumuajiri. Basi tunadai mambo matatu, hata kwa wale wa sous-traitance. Siri ya mugonjwa ibakie kwa muganga. Mwenye mashini apewe kazi ingine, kwa mushahara ule ule. Na hakuna kontra itakayokatwa juu ya moyo.

Mutu aliyeacha nguvu zake ku mugodi hapashwi kuchagua kati ya uzima na mukate wa watoto.