Kuukinga Mtende na Baridi ya Ulaya



Safu hii mmezoea kuiona ikijibu habari za homa za watoto, chanjo na kunyonyesha. Mwezi huu tunajibu habari ya mti, nanyi msishangae, kwani tulipoisoma barua hadi mwisho tulikuta ni habari ya afya vilevile. Dada mmoja anayeishi na familia yake katikati ya Uingereza, mbali na bahari, ametuandikia. Marehemu mama yake alikuwa msukaji wa mikeka ya ukindu, na katika kumkumbuka amenunua mti unaofanana na mkindu, akaupanda mbele ya nyumba. Ameulipia fedha nyingi. Majirani wanamwambia majira ya baridi yakiingia utakufa. Anauliza je, aufunike kwa nailoni, aung'oe auingize ndani, au ajenge kibanda cha nailoni juu yake na kuwasha jiko la mkaa humo usiku wa baridi kali?

Swali la jiko tunalijibu kwanza, kwa sababu mti ukifa unaweza kununuliwa mwingine.

Dada, usiwashe jiko la mkaa ndani ya kibanda cha nailoni wala cha vioo, na zaidi sana kama kibanda hicho kimeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba karibu na mlango au dirisha. Mkaa unapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi. Ukiivuta huingia kwenye damu na kukamata nafasi ya oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulegea na kushikwa na usingizi, naye hudhani ni uchovu wa kazi. Watu wa mikoa yetu yenye baridi wanaijua habari hii, kwani zipo familia zilizoingiza jiko chumbani usiku zisiamke. Majiko ya mafuta ya taa yana hatari hiyo hiyo yakiwashwa mahali palipofungwa. Mtu akizidiwa, mtoeni nje kwenye hewa safi na kuita msaada wa dharura mara moja. Msikae kumnywesha maziwa, hayasaidii. Huko Uingereza kuna king'ora kidogo cha kutambua hewa hiyo, kinauzwa madukani, na nyumba yenye kitu chochote kinachounguza gesi, kuni au mkaa haifai kukosa.

Sasa tumtazame mgonjwa

Dada yetu hakutaja jina la mti. Amesema tu unafanana na mkindu, na neno hilo moja limetutia wasiwasi. Miti ya jamii hii hutambulika kwa majani. Ipo yenye majani marefu kama unyoya wa ndege, ndiyo mnazi, mtende, mchikichi na mkindu. Na ipo yenye majani yanayokunjuka kama upepeo wa mkono, mfano mvumo na mkoma. Unaostahimili baridi ya Uingereza vizuri zaidi, kati ya ile inayopatikana kwa urahisi madukani, ni wa majani ya upepeo.

Jina lake la kitaalamu ni Trachycarpus fortunei, na Waingereza huuita kwa jina la kisiwa cha Chusan huko China. Robert Fortune, Mskoti aliyekuwa akikusanya mimea, alipeleka miche yake Uingereza mwaka 1849. Mmoja wa mahali ilipopandwa ni Osborne, nyumba ya Malkia Victoria kwenye kisiwa cha Wight. Shina lake limevikwa nyuzi za kahawia kama blanketi, na Wachina wa vijijini walizichuna nyuzi hizo wakasokota kamba, wakatengeneza mifagio na hata makoti ya mvua. Mti huo ukishika mizizi vizuri huvumilia hadi nyuzijoto 15 hivi chini ya sifuri kwa muda mfupi. Pengine umezoea Ulaya kupita kiasi. Kusini mwa Uswisi, katika jimbo la Ticino, ndege wamesambaza mbegu zake hadi misituni, na tangu tarehe 1 Septemba 2024 ni marufuku nchini humo kuuuza au hata kumpa mtu zawadi. Wenye ndugu huko wawaambie. Aliye nao tayari bustanini akate maua kabla hayajawa matunda.

Wa majani ya manyoya unaouzwa sana ni mtende wa visiwa vya Kanari, Phoenix canariensis. Huu ni ndugu wa damu wa mkindu wetu, ndiyo maana tunadhani ndio ulioko mbele ya nyumba ya dada yetu. Ni mti mzuri sana, lakini ukiwa mkubwa huvumilia nyuzi 8 hivi chini ya sifuri, tena kwa usiku mmoja mmoja. Ukiwa mdogo huumia mapema zaidi. Desemba ya mwaka 2010 ilikuwa Desemba ya baridi kuliko zote Uingereza kwa muda wa miaka 100, na mitende mingi ya namna hii iliyokuwa imestawi kwa miaka ilikufa. Hata bustani maarufu ya Tresco, katika visiwa vya Scilly ambako bahari huleta ujoto, ilipigwa na theluji Januari 1987 na kupoteza sehemu kubwa ya mimea yake.

(Kuna na wa tatu, wenye majani membamba kama panga yaliyosongamana juu ya shina, ambao watu wa pwani ya Uingereza huuita mtende. Si mtende hata kidogo. Ni mmea wa New Zealand uitwao Cordyline. Muuzaji anaweza kukuuzia huo kwa jina lolote.)

Hivyo basi, dada, toka nje utazame. Ukikuta majani ya upepeo, tulia, kazi yako ni ndogo. Ukikuta majani ya manyoya na mti bado haujapita kiuno chako, ushauri wetu ni kuung'oa na udongo wake kabla majira ya baridi hayajaingia, kuupanda kwenye chungu kikubwa, na kuuingiza kwenye chumba chenye mwanga lakini kisicho na joto kali. Usiuweke kando ya kipasha joto cha ukutani, maana hewa kavu itaukausha majani. Ukiwa ndani, upe maji kidogo tu. Tunajua hamu yake ilikuwa kuuona mbele ya nyumba kila siku. Mahali hapo apande wa Chusan, na huu wa Kanari autoe nje kila mwaka baridi inapokwisha.

Kwa nini baridi inaua

Mwembe ukikatwa huchipua pembeni. Mnazi haufanyi hivyo, na ndugu zake wengi wenye shina moja vilevile. Mti mzima una mahali pamoja tu pa kukulia, nako ni kule juu katikati ya majani, ndani kabisa, panapotoka jani changa lililochongoka kama mkuki. Watu wa pwani huita moyo wa mnazi, na ni jina sahihi. Majani yote yakiungua kwa sakitu, yaani umande ulioganda, mti unaweza kupona. Moyo ukifa, umekufa mti.

Maji yanapoanza kuganda ndani ya mmea, barafu hujitengeneza kwanza nje ya seli, kisha huvuta maji kutoka ndani ya seli hadi zikakauka. Kwa hiyo baridi inaua kwa kukausha, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Udongo nao ukiganda, mizizi haiwezi kunywa, huku upepo unaendelea kunyonya maji ya majani. Na hatari ya tatu, ambayo kwa Uingereza tunaiona ni kubwa kuliko zote, ni mvua. Maji hutuama kwenye moyo wa mti, usiku yanaganda, mchana yanayeyuka, na baada ya wiki kadhaa ya namna hiyo vidudu vya kuozesha huingia penye majeraha. Mti ulio mkavu huvumilia baridi kuliko uliolowa, kama vile mtoto aliyelowa anavyopoteza joto upesi kuliko aliyefutwa vizuri.

Kuufunika

Waliowahi kumhudumia mtoto njiti wataelewa haraka, kwani kanuni ni ile ile ya kuhifadhi joto lililopo na kuuacha mwili upumue. Nailoni iliyofungwa kwa kubana haifai. Ndani yake hukusanyika unyevu, na jua la mchana likitokea hupata joto la tanuri, kisha usiku baridi hurudi. Kuna kitambaa chepesi cheupe kinachouzwa huko kwa ajili ya mimea, kinapitisha hewa na mwanga. Hicho ndicho cha kutafuta. Kikikosekana, shuka kuukuu la pamba litafaa kwa usiku mmoja, ila liondolewe asubuhi lisije likalowa.

Anza na miguu. Tandaza magome yaliyosagwa au majani makavu kuzunguka shina, unene wa sentimita 10 hadi 15, ili udongo usigande upesi. Kisha, siku kavu, kusanya majani yote juu polepole na kuyafunga kwa kamba laini kama mtu anavyofunga mganda wa mpunga. Majani ya nje sasa yanaukinga moyo. Penyeza majani makavu ya ngano katikati, zungushia kitambaa mara mbili au tatu, na juu kabisa weka kitu cha kuzuia mvua, hata ndoo iliyopinduliwa, ilimradi pembeni pawe wazi hewa ipite.

Hapa tusimame kidogo kwa sababu ya miiba. Mtende wa Kanari una miiba mirefu migumu kwenye shina la kila jani, na anayekusanya majani huinamisha uso wake palepale. Vaa miwani ya kukinga macho, glavu nene na mikono mirefu, na watoto wasisaidie kazi hiyo. Mwiba ukichoma karibu na kifundo cha kidole au goti, ncha yake inaweza kukatikia ndani, na wiki kadhaa baadaye kiungo kinavimba na kuuma wakati mwenyewe ameshasahau. Nenda hospitali na umweleze daktari kwamba ni mwiba wa mtende, na uulize kama chanjo yako ya pepopunda bado ina nguvu.

Katika nchi zenye baridi zaidi, kama Ujerumani, wapenzi wa miti hii hujenga sanduku la mbao kuuzunguka mti na kutia ndani waya wa umeme wa kupasha joto, uliotengenezwa kwa matumizi ya nje na wenye kifaa cha kujizima. Wengine hutumia taa za Krismasi za zamani. Taa za siku hizi za LED hazitoi joto la maana, hivyo msihangaike nazo. Na umeme na maji ni maadui. Kama hakuna fundi, tumia majani ya ngano tu.

Usiufunike mti kuanzia Oktoba hadi Aprili bila kuufungua. Sikiliza utabiri wa hali ya hewa, funika baridi kali inapotangazwa, fungua inapopita. Wa Chusan uliokomaa, katikati ya Uingereza, miaka mingi hautahitaji kufunikwa kabisa.

Mahali pa kupanda pana uzito kuliko vitambaa vyote hivi. Kule kaskazini jua hupita upande wa kusini, hivyo ukuta unaotazama kusini hupata joto mchana na kulitoa usiku. Epuka bondeni, kwa maana hewa ya baridi ni nzito na hutiririka kwenda chini kama maji. Udongo wa mfinyanzi uchanganywe na kokoto mizizi isisimame majini. Panda baridi inapokwisha, mwezi wa tano hivi, upate miezi ya kutosha kushika mizizi. Mbolea ya kukuza majani ikome katikati ya kiangazi, kwani majani mateke yaliyochipua mwishoni ndiyo huungua kwanza.

Baridi ikiisha

Shika jani changa la katikati na ulivute taratibu. Likigoma, shukuru. Likitoka mkononi na sehemu ya chini imeoza na kunuka, usikate tamaa wala usiukate mti. Ondoa uozo wote unaoweza kufikia, pakaushe, na utie dawa ya ukungu yenye shaba kama inavyoelekezwa kwenye pakiti yake, na kama sheria ya huko inairuhusu bustanini. Kisha zuia mvua isiingie humo. Majani ya pembeni yaliyo kijani yaache, hata kama yameharibika nusu, maana ndiyo yanayoulisha mti wakati huu. Kwa kawaida jani la kwanza kutoka huwa fupi na lililopinda, na la pili huwa na nafuu. Joto la huko huchelewa, kwa hiyo subiri hadi mwezi wa nane kabla hujachukua shoka.