Michezo ya Kuigiza Nayo Yahitaji Daftari

Nilipokuwa katika kidato cha tatu, basi kuukuu liliingia shuleni mwetu likiwa limejaa waigizaji, maleba na ngoma mbili. Walikuja kutuigizia tamthilia iliyokuwa ikitahiniwa. Mle bwaloni, meza zikiwa ndizo jukwaa, mhusika niliyekuwa nimemsoma mara tatu nisimwelewe alifungua kinywa akanena kwa lafudhi ya wachuuzi wa soko letu. Bwalo zima liliangua kicheko. Maneno yale hayakuwamo kitabuni. Leo, nikiwa mhadhiri wa isimu, natamani mno kuyasikia tena, lakini hakuna aliyeyanasa.

Ndiposa nauliza: nchi inayohifadhi kwa fahari mifupa ya kale na mizinga ya Fort Jesus, kwa nini isiwatengee waigizaji wanaosafiri walau chumba kimoja cha makumbusho?

Wapo watakaosema kwamba vichekesho vya barabarani havistahili heshima hiyo. Wenzetu wa Mount Pleasant, mji mdogo katika jimbo la Iowa, Marekani, hawakufikiri hivyo. Huko kuna jumba la makumbusho ya makundi yaliyozunguka vijijini na kuigiza ndani ya mahema. Yamehifadhiwa mapazia yaliyochorwa, miswada na maleba. Anakumbukwa pia Toby, mshamba mwenye nywele nyekundu aliyewazidi akili wajanja wa mjini. Mhusika huyo aliwachekesha wakulima, nao wazawa wao hawakumwonea haya.

Historia yetu si haba. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walianzisha kundi lililosafiri Uganda na Kenya, likiigiza bila malipo kwa Kiingereza, Kiswahili, Kiganda na lugha nyinginezo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifuata nyayo hizo mwaka 1974. Kule Kamiriithu, Limuru, wanakijiji walijijengea ukumbi wao wenyewe, nao ukabomolewa mwezi Machi 1982. Kila tukio kati ya haya lastahili kabati lake.

Hata hivyo, linalonikera zaidi ni suala la lugha. Mwaka 1968 David Cook na Miles Lee walichapisha mkusanyiko wa michezo ya Afrika Mashariki. Jina lake ni *Short East African Plays in English*. Siwalaumu, walifanya kazi njema. Lakini jina hilo latufunza kwamba mchezo uliopata mchapishaji ulipata maisha marefu, ilhali mzaha uliozuliwa jukwaani kwa lugha ya wenyeji ulikufa pindi basi lilipoondoka. Anayetaka kujua jinsi watu wetu walivyotaniana, walivyochanganya ndimi na walivyomkejeli mkubwa pasipo kumtaja hatayapata yote hayo katika kitabu cha kutahiniwa. Atayapata katika sauti za waigizaji, na wengi wa wale wa miaka ya sitini na sabini wamekwisha kutuaga.

Najua jibu litakalotolewa: fedha hazipo, na hospitali zahitaji dawa kwanza. Sibishani na hilo. Lakini hatuhitaji jumba la marumaru ili tuanze. Kundi likija shuleni, mwalimu na aliombe idhini ya kunasa sauti. Tangazo la onyesho, orodha ya waigizaji na mswada wa mchezo uliopelekwa kwenye tamasha za drama vitiwe katika faili maktabani, vikiwa na tarehe na mahali. Nanyi wanafunzi, waulizeni wazazi na nyanya zenu ni mchezo gani waliouona, wapi, na kwa nini walicheka. Yaandikeni majibu kwa lugha ileile waliyoitumia. Siku serikali au chuo kikuu kitakapofungua mlango wa makumbusho hayo, kutakuwa na kitu cha kuweka ndani.

Wahenga walitukanya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Basi lile la utotoni mwangu lilikwenda na mali nyingi. Yale yanayoingia shuleni mwenu leo yasiondoke vivyo hivyo.