MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Siku Tatu Bila Umeme

Mwezi huu nimekusudia kuwaeleza yaliyotupata nyumbani kwangu hapa Bariadi, maana nadhani wengi wenu yamewapata, nanyi mtajiona ndani yake.

Jioni moja ya masika ulivuma upepo mkali pamoja na mvua, ukaangusha nguzo za umeme nje ya mji. Taa zikazimika mara moja. Kwanza sikuona neno. Nikawaambia watoto, "Mimi nimelelewa kwa koroboi, giza halinitishi." Tukawasha jiko la mkaa, tukala ugali na mlenda, tukalala mapema. Nikajiona mtu hodari.

Asubuhi uhodari wangu ukapungua. Bomba halikutoa maji, kwa maana pampu huendeshwa kwa umeme. Mke wangu na binti yetu wakachukua ndoo, wakaenda kisimani, wakarudi jua limekwisha panda. Mashine ya kusaga nayo ilikuwa kimya. Unga uliobaki ukapimwa kwa kikombe. Hapo nikafahamu ya kuwa umeme haukuwa taa tu. Ulikuwa ukituchotea maji na kutusagia mahindi. Na sasa aliyerudishiwa kazi hizo si mimi niliyejisifu, bali ni mke wangu na binti yangu. Ndugu zangu wanaume, ni rahisi sana mtu kudharau faida ambayo mzigo wake haumwangukii yeye.

Lakini jambo lililonitia hofu hasa lilikuwa dawa ya mama yangu. Yeye ni mzee, ana ugonjwa wa kisukari, na kila siku huchomwa sindano ya insulini. Chupa ambazo hazijafunguliwa hukaa katika jokofu, maana joto kali huziharibu. Siku ya pili jokofu likawa kama kabati. Nikasimama mbele yake, nisijue la kufanya.

Mama akaniita, akasema, "Mwanangu, zamani maji ya kunywa tuliyapozaje?" Nikajibu, "Kwa mtungi, mayu." Akasema, "Basi, mtungi umekwenda wapi?" Nami nilikuwa nimeutupa nyuma ya nyumba tangu siku ile tulipoleta jokofu.

Nikaenda kwa jirani yetu, mama mmoja ambaye nyumba yake haijaingizwa umeme bado. Akaniazima vyungu viwili vya udongo, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Tukaweka kidogo ndani ya kikubwa, tukajaza mchanga katikati, tukaulowesha maji. Chupa tukazitia katika mfuko usiopenya maji, tukaziweka katika chungu cha ndani, tukafunika kwa kitambaa kibichi, tukaviweka kivulini penye upepo. Maji yanapokauka kupitia udongo huondoa joto, na ndani hupata ubaridi. Haulingani na ule wa jokofu, wala hewa yenye unyevu mwingi haisaidii. Lakini ni afadhali sana kuliko joto la chumba. Umeme uliporudi siku ya tatu, nilichukua chupa zile kwa muuguzi, nikamweleza yote, ili yeye aamue zipi zifaazo. Nanyi fanyeni vivyo hivyo; msiliamini jicho lenu katika jambo la dawa.

Siku tatu ni chache. Ndugu zetu wa Unguja, ambao umeme wao hutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, walikosa umeme tangu Mei 2008 hata Juni, karibu mwezi mzima. Tena tangu Desemba 2009 hata Machi 2010. Pampu za maji zikasimama, na watu wakarudia visima. Waya mpya wenye nguvu zaidi ulizinduliwa mwaka 2013.

Na sisi wa Simiyu tufikiri umeme wetu unatoka wapi. Sehemu kubwa ya umeme wa nchi hii hutokana na maji yanayozungusha mashine katika mabwawa yaliyo mbali, kama Mtera, Kidatu, na bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mashine 9 za jumla ya megawati 2,115, ambalo mashine yake ya kwanza ilianza kazi Februari 2024. Njia kubwa ya umeme kutoka Iringa, kupitia Dodoma na Singida, hata Shinyanga ina urefu wa kilometa 670. Mvua ikikosekana huko, nuru hupungua, kama tulivyoona katika mgao wa mwaka 2006 na wa 2011. Mvua ikizidi huku, nguzo huanguka. Kisha watu hupanda nguzo hizo katika matope ili sisi tuone. Twabonyeza kwa kidole kimoja, kumbe tumeshikwa na mikono mingi.

Basi, wenye nyumba, pokeeni mashauri yangu machache. Wekeni pipa la maji lililofunikwa vema. Msitupe mtungi kwa sababu ya jokofu. Mwenye mgonjwa atumiaye dawa za baridi amwulize muuguzi leo, kabla ya giza. Na taa zikirudi, msishangilie peke yenu. Vyungu vilivyookoa dawa ya mama yangu vilitoka katika nyumba isiyo na umeme. Nilipovirudisha niliona aibu kurudisha vyungu vitupu, nikamwomba yule mama watoto wake waje kusoma kwangu kila jioni. Sasa wanakuja wawili, na meza yangu imekuwa ndogo, nami nafurahi.

Kaeni salama hata mwezi ujao.