Ile Klipu ya Treni Niliikata Mahali Pabaya

Wasee, kwanza asanteni. Ile klipu ya treni imefika mahali ambapo hakuna kitu changu kimewahi kufika tangu nianze kujirekodi kwa simu. Sekunde 58 tu. Injini nyeusi inatema moshi, mlima una theluji juu kabisa na ni mwezi wa saba, halafu mimi nimetoa kichwa dirishani kama mtoto wa nasari kwa trip ya shule. Mmeisambaza, mmecheka kofia yangu, mathe ametumiwa na watu watano wasiojuana.

Lakini kuna komenti moja imepigiwa makofi kuliko klipu yenyewe. Jamaa ameandika hivi: hii ndiyo Kakamega itakuwa tukiacha kampuni zichimbe dhahabu, watu wa Ikolomani wapunguze kelele. Chini yake kuna mstari mrefu wa watu wanasema kweli kabisa, maendeleo, wacha watu waomoke.

Siwezi kumkasirikia huyo jamaa. Ametoa hayo maneno kwa kitu nilichomwonyesha mimi. Na mimi nilikata video mahali pabaya, nikijua.

Wacha nianze mwanzo. Dada yangu ni nesi kule Colorado, Marekani. Alinilipia tiketi ya ndege, na nadhani alitaka pia kunikalisha chini tuzungumze kuhusu chuo, juu mimi niliacha mwaka wa pili na yeye hajawahi kuimeza hiyo stori. Siku zake mbili za mapumziko tukaendesha gari mpaka mji unaitwa Durango, kusini-magharibi mwa jimbo, tulale, asubuhi tupande treni kwenda Silverton na kurudi jioni. Mazungumzo ya chuo yalifanyika kwa gari. Sitayaleta hapa.

Hiyo treni ni noma, sitadanganya. Reli ilifika Silverton mwaka 1882, na haikujengwa kwa sababu ya watalii, ilijengwa kushusha madini ya fedha na dhahabu kutoka milimani. Ni reli nyembamba ajabu. Kutoka chuma kimoja hadi kingine ni futi tatu, kama milimita 914. Reli yetu ya zamani, ile ya mkoloni ya Mombasa hadi Kisumu, ni mita moja kamili, na SGR ni milimita 1,435. Yaani hii ni nyembamba kuliko hata ile tulizoea kuiita kigari cha babu. Waliifanya hivyo ili iweze kujipinda kwenye kona kali za bonde na isile pesa nyingi kuchonga mlima.

Umbali ni kama kilomita 72 na unachukua saa tatu na nusu. Piga hesabu. Boda wa kwetu angetupita akiwa na gunia la makaa na abiria wawili. Lakini hakuna mtu analia mwendo. Kuna sehemu reli imechongwa ubavuni mwa mwamba, upande mmoja ukuta wa jiwe unaweza kuugusa, upande mwingine hakuna kitu, mto Animas uko chini kabisa na wewe unaomba Mungu wa reli asilale. Mabehewa mazima yananyamaza. Hata wazee waliokuwa wakibishana kuhusu besiboli walinyamaza.

Silverton iko mita 2,840 juu ya bahari. Ukitaka kuelewa, Timboroa, pale kituo cha treni chenye baridi ya kuua, ni kama mita 2,740. Nilipanda ngazi za duka moja nikahema kama mtu wa miaka sabini. Mji wenyewe una watu kama 600 wanaoishi mwaka mzima. Shule yangu ya msingi ilikuwa na watoto wengi kuliko hao. Nyumba za mbao zimepakwa rangi kama peremende. Mtaa wa Blair, ambao enzi za wachimbaji ulikuwa wa baa na madanguro, sasa unauza aiskrimu na fulana. Treni inakupa kama saa mbili, ule, upige picha, ununue sumaku ya friji, kisha inapiga honi.

Hapo ndipo klipu yangu inaishia. Mimi na aiskrimu, mlima nyuma, muziki unapanda, kwisha.

Sasa hii ndiyo sehemu niliyokata. Dada alikuwa amechoka akakaa kwenye benchi. Mimi nikaingia duka moja linauza mawe, mzee mwenye duka akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Kenya, magharibi, kwetu kuna dhahabu pia. Akanitazama kidogo, kisha akanitolea picha. Mto ule ule tuliokuwa tukiushangilia kwa treni, lakini rangi ya Fanta. Sio kahawia ya mafuriko, sivyo. Chungwa kabisa, kama mtu amemwaga rangi ya ukuta.

Tarehe 5 Agosti 2015, kikosi kilichotumwa na EPA, shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira, kilikuwa kinachimba kwenye mlango wa mgodi ulioachwa, unaitwa Gold King, juu ya Silverton. Walikuwa wamekuja kushughulikia maji yanayovuja. Kizibo cha udongo kikaachia. Lita zaidi ya milioni 11 za maji yenye asidi, yamebeba risasi, aseniki, kadmiamu na chuma, zikashuka kijito cha Cement Creek, zikaingia Animas, zikapita Durango, zikafika New Mexico na Utah. Wakulima wa taifa la Wanavajo, mbali huko chini, walifunga mifereji yao ya kumwagilia katikati ya msimu wa mahindi.

Na si kwamba huo mgodi ulikuwa ukifanya kazi. Ulikuwa umelala miaka na miaka. Hiyo ndiyo kitu ilinipiga. Ukitoboa mlima wenye mawe ya salfa, hewa na maji vinaingia ndani, vinakutana na hayo mawe, vinatengeneza asidi, na asidi inayeyusha chuma kilichomo. Hakuna swichi ya kuzima. Kampuni inaweza kufa, wachimbaji wakazikwa, wajukuu wao wakahamia Denver, na mlima bado unatoa jasho. Kusema haki, milima ya pale ilikuwa ikichachusha maji kidogo hata kabla ya binadamu, juu ya aina ya mawe. Lakini mashimo ya watu ndiyo yaligeuza hilo likawa bomba.

Mgodi mkubwa wa mwisho wa hapo, Sunnyside, ulifungwa mwaka 1991. Mwaka 2016 serikali iliweka eneo lote kwenye orodha yake ya sehemu zilizochafuliwa zaidi nchini, migodi na mabaki 48 kwa mpigo. Nilitembea mpaka Cement Creek, ni hapo tu pembeni mwa mji. Maji yanaonekana safi, lakini mawe yote ya chini yana kutu ya chungwa. Niliirekodi dakika nne nzima. Usiku nikihariri nikaona inaharibu hisia ya video. Nikaitoa.

Ndio hiyo. Nilitoa kitu cha maana zaidi nilichoona siku hiyo kwa sababu hakikuenda na muziki.

Kuna kingine nilikijua baadaye, nikisoma kwa simu usiku kwa sababu usingizi ulikataa. Hiyo milima ilikuwa ya watu wa kabila la Ute. Mwaka 1868 serikali ya Marekani ilitia saini mkataba nao, magharibi ya Colorado ikabaki yao. Kisha dhahabu na fedha zikaonekana. Mwaka 1873 wakaletewa makubaliano mapya, wakaachia karibu ekari milioni 3.7. Miaka mitano tu imepita.

Niliposoma hapo nikaweka simu chini. Hii stori naijua. Nimeisikia jikoni kwa kukhu.

Mwaka 1930 serikali ya mkoloni hapa Kenya ilipitisha sheria ya kwamba ardhi ya hifadhi za Waafrika ni yao milele, na ikichukuliwa yoyote lazima warudishiwe nyingine ya kiasi kile kile. Mwaka uliofuata mlowezi kutoka Marekani anaitwa L. A. Johnson akapata dhahabu Kakamega. Wazungu wakafurika. Kufikia Desemba 1932 sheria ilikuwa imebadilishwa: ardhi inaweza kuchukuliwa kwa ajili ya madini na mwenyewe alipwe pesa tu, bila kupewa shamba lingine. Milele yetu ilidumu miaka miwili. Ya Waute angalau ilifika mitano.

Baba yake kukhu alisukuma troli katika mgodi wa Rosterman, hapo hapo karibu na Kakamega mjini. Ulifungwa mwaka 1952. Sasa niambieni, wale mnaosema dhahabu itatuletea Silverton: Rosterman tayari ilikuwa na dhahabu, ilichimbwa na wataalamu, iliuzwa nje. Treni yake ya watalii iko wapi? Kuna nani ameenda Rosterman akala aiskrimu? Kuna mashimo, na kuna akina mama wanaponda mawe kwa nyundo, wanaosha kwa karai, wanakamata dhahabu kwa zebaki wakitumia mikono mitupu.

Na Silverton yenyewe haikupendezeshwa na madini. Madini yaliisha. Kilichookoa ule mji ni kwamba reli haikung'olewa, watu wa sinema wakaja kupiga filamu, watalii wakafuata, na treni iliyojengwa kubeba mawe ikaanza kubeba watu kama mimi na dada. Pia hakuna mtu alijenga nyumba za kioo juu ya zile za zamani. Kama mnataka hiyo, ombeni reli na utalii. Msiombe shimo mkitegemea kwamba miaka mia ijayo mjukuu wa mtu atauza fulana.

Sisemi dhahabu ya Ikolomani isiguswe. Kukhu mwenyewe hasemi hivyo. Yeye ana robo tatu ya ekari, ndizi, ng'ombe mmoja mwenye kiburi, na kaburi la babu. Anasikia mipango ya kuchimba, anasikia watu watahamishwa, na kila mtu anayekuja ana karatasi tofauti. Maswali yake ni ya kawaida kabisa. Watanipeleka wapi? Kaburi linahamaje? Kisima kitakunywewa na nani baada yao? Akiuliza kwenye mkutano anaambiwa anapinga maendeleo. Sasa na nyinyi kwa komenti mnamwambia apunguze kelele, mkitumia sura yangu kama ushahidi.

Swali la kisima ndilo ningependa mlishike. Pale Silverton, nchi tajiri kuliko zote duniani, mpaka leo kuna mtambo wa kusafisha maji juu ya mlima, ulianza kazi Oktoba 2015 baada ya ule mwago, na unalipiwa. Sisi nani atalipa? Kama kampuni haijaweka hiyo pesa mezani kabla ya shimo la kwanza, kwa akaunti ambayo haiwezi kuigusa hata ikifilisika, basi ni kukhu atalipa, au mimi.

Kuna mtu ataandika hapa chini kwamba ningemaliza degree ndiyo niongelee migodi. Sawa. Sikumaliza. Lakini nilienda, nikaona, nikaficha, hiyo ni kosa ambalo halihitaji degree kulijua.

Ile klipu ya sekunde 58 sijaifuta. Imenilipia keja mwezi huu na siwezi kujifanya malaika. Nimebandika hii posti kama komenti ya kwanza chini yake. Video nzima ni dakika 19, ile dakika nne ya kijito nimeirudisha yote bila muziki, sauti ni maji tu na mimi nikihema. Inapanda Ijumaa saa moja jioni. Kukhu yumo dakika ya kumi na sita, anaongea Kiidakho, nimeweka maandishi chini.