Afya ya Mama: Tusiikimbie Sindano Hii



Mara nyingi tukienda kuwatazama wazazi wodini husikia malalamiko haya: "Wamenichoma sindano za matako, mwili mzima ukawaka moto. Wakirudi nitakataa!" Mwingine hunong'onezwa na jamaa zake kwamba kwa kuwa ameshajifungua, aombe ruhusa arudi nyumbani. Mwezi huu tuzungumze juu ya sindano hiyo, kwa maana kuikataa kunaweza kuacha watoto yatima.

Presha ya mimba huanza baada ya mimba kufikisha wiki 20. Kipimo kikifika 140/90 au kuzidi, na protini ikaonekana kwenye mkojo, mama yumo hatarini hata kama anajiona mzima. Hali ikizidi, ubongo huathirika: mama hukakamaa, hutupa mikono na miguu, hung'ata ulimi na kupoteza fahamu. Hicho ndicho kifafa cha mimba. Si pepo, wala mama hakurogwa. Kinaweza kumpata kabla ya uchungu, katikati ya uchungu, au hata siku za kwanza baada ya kujifungua.

Dawa ya kukizuia inaitwa magnesiamu salfeti. Ni chumvi ileile iitwayo chumvi ya Epsom, ila hii imetengenezwa safi kwa ajili ya sindano. Tafadhali, mtu asinunue ile ya dukani na kuinywa. Itamharisha tu, haitamkinga.

Wengi wetu hudhani kwamba sindano hii ni ya kushusha presha. Sivyo. Presha ina dawa zake, na mama hupewa hizo pia. Kazi ya sindano hii ni kuukinga ubongo. Zamani hospitali nyingi zilitegemea valiamu au fenitoini. Mwaka 1995 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wanawake 1,687 waliokuwa wamekwisha kupata kifafa cha mimba. Magnesiamu ilikizuia kisirudi vizuri kuliko dawa zote mbili. Mwaka 2002 ukafuata utafiti wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, waliokuwa na presha ya mimba. Katika kila wanawake 1,000 ambao hawakupewa dawa hii, 19 walipata kifafa. Kwa waliopewa, walikuwa 8 tu.

Je, hutolewaje? Katika utaratibu unaotumika mahali pengi, gramu 4 huingizwa polepole kwenye mshipa, kisha gramu 5 katika kila tako. Baada ya hapo ni gramu 5 kila saa 4, mpaka zitimie saa 24 tangu mama ajifungue au tangu kifafa cha mwisho, kutegemea kipi kilitokea mwisho. Hospitali nyingine hutumia dripu. Basi mama anayeondoka saa 6 baada ya kujifungua ameiacha kinga yake njiani.

Lile joto ni kweli. Katika utafiti ule wa mwaka 2002, karibu mwanamke mmoja kati ya wanne waliopewa dawa alipata madhara, hasa joto la mwili na usoni. Hupita. Muuguzi naye atakuja mara kwa mara kugonga goti, kuhesabu pumzi na kupima mkojo. Asionekane msumbufu. Dawa ikizidi mwilini, goti huacha kuruka kwanza, na baadaye pumzi hupungua. Akiligundua hilo mapema, huisimamisha, na ipo dawa ya kuipinga iitwayo kalsiamu glukoneti. Ukijisikia kulegea sana au kupumua kwa shida, mwambie mara moja.

Nasi nyumbani tufanye nini?

Kwanza, tuanze kliniki mapema, na kila tuendapo tuulize: presha yangu ni ngapi? Mkojo umepimwa? Aliyewahi kupata presha ya mimba amwambie mkunga tangu mwanzo, kwa kuwa wako wanaofaa kuandikiwa aspirini ya kiasi kidogo kabla ya wiki 20. Asijinunulie mwenyewe.

Pili, tuzijue dalili: kichwa kuuma sana, macho kuona giza au vimulimuli, maumivu chini ya kifua upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla. Hata moja ikitokea usingoje asubuhi.

Tatu, mama akianguka kifafa, alazwe kwa ubavu wa kushoto, vitu vya kumwumiza viondolewe, wala asitiwe kijiko au kitu chochote mdomoni. Kisha apelekwe hospitali haraka.

Wapo watakaosema, tumwombee kwanza. Naam, tuombe, lakini tuombe tukiwa ndani ya gari. Kuomba na kwenda hospitali havigombani.

Mwisho, tuwasomee waume zetu na mama wakwe ukurasa huu. Siku ile mama huenda hana fahamu, na wao ndio watakaoamua. Wawe wameweka nauli tayari, na wajue kwamba sindano inayochoma kwa muda mfupi ni nafuu kuliko nyumba isiyo na mama.

Tukutane tena mwezi ujao.